Kambi ya kwanza ya majira ya joto: mwongozo kamili kwa mzazi wa mtoto mdogo Marekani

Shule za Marekani hufungwa kati ya mwisho wa Mei na mwisho wa Juni, kutegemea jimbo, na hazifunguliwi hadi Agosti au baada ya Labor Day, Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Hizo ni wiki kumi au kumi na moja, na kazini kwako hakuna likizo ya namna hiyo. Kule kwetu jambo hili lingemalizwa kwa simu moja: mtoto anapandishwa basi kwenda kwa bibi, anarudi amenawiri na ana maneno mapya. Hapa bibi yuko Kisumu, Tanga au Bukavu, na jirani unayemwamini yuko kazini kama wewe.

Ndipo inapoingia kambi ya kutwa. Mtoto anapelekwa asubuhi, anacheza, anaogelea, anachora, jioni anarudi kulala kwake. Kambi za kulala huko misituni siziongelei hapa. Mtoto wa miaka minne hadi saba anaweza kuzisubiri.

Niseme mapema ninachoamini. Picha za farasi na mitumbwi kwenye tovuti hazikuambii lolote. Kwa mtoto mdogo kambi inasimama juu ya mambo mawili: nani anamwangalia, na yeye mwenyewe anaweza kufanya nini wewe usipokuwepo. La kwanza unalichunguza, la pili unamfundisha. Yanayobaki ni karatasi na pesa.

Januari hadi Machi: nafasi na pesa

Wenyeji hujiandikisha theluji ikiwa bado iko nje. Ukisubiri Mei utaishia kwenye orodha ya kusubiri.

Anza na Parks and Recreation, idara ya jiji inayosimamia viwanja na mabwawa. Kambi zake mara nyingi ndizo za bei ya chini, na kwa sababu hiyo hujaa upesi mno siku usajili unapofunguliwa. Fungua akaunti yako siku kadhaa kabla, weka jina na tarehe ya kuzaliwa ya mtoto, na uwe na bili ya umeme au mkataba wa nyumba tayari, kwa sababu mkazi hulipa kidogo kuliko asiye mkazi. Baada ya hapo tazama mashirika ya jamii yasiyo ya faida: YMCA, Boys & Girls Clubs, na vituo vya jumuiya ya Kiyahudi vinavyoitwa JCC, ambavyo hupokea watoto wa dini zote. Makanisa nayo huendesha Vacation Bible School, yaani masomo ya Biblia ya wakati wa likizo, lakini nyingi ni za wiki moja na huishia saa sita mchana. Kama unatoka kazini saa kumi na moja jioni, hiyo haijakutatulia shida.

Angalia saa kwa makini. "Siku nzima" katika tangazo mara nyingi ina maana ya saa tatu asubuhi hadi saa tisa au kumi alasiri. Masaa ya kabla na baada huuzwa peke yake kwa jina la extended care, na ukiyaongeza bei inabadilika. Wiki ya tarehe 4 Julai huwa fupi kwa sababu ya sikukuu.

Bei zenyewe zimepishana sana: kambi ya jiji inaweza kuwa dola mia na ushei kwa wiki, ya binafsi mia nne, mia tano na kupanda. Kabla ya kukata tamaa uliza msaada wa ada. YMCA na mashirika mengine yasiyo ya faida hupunguza ada kulingana na kipato. Unajaza fomu, unaambatanisha karatasi za mshahara, basi. Watu wetu wengi huona haya kuomba, na sijui kwa nini. Fungu hilo lipo na limetengwa kwa kazi hiyo. Linaisha, ndiyo maana unaomba Februari. Kama tayari unapata ruzuku ya malezi ya watoto ya jimbo, muulize afisa wako kama inaweza kulipia kambi, na kambi zipi zinakubaliwa.

Halafu kodi. Ada ya kambi ya kutwa inaweza kuingia kwenye nafuu inayoitwa Child and Dependent Care Credit, fomu namba 2441, kwa mtoto aliye chini ya miaka 13. Kambi ya kulala haihesabiwi. Gharama zinazoangaliwa zina kikomo cha dola 3,000 kwa mtoto mmoja na 6,000 kwa wawili au zaidi. Unachopata ni asilimia ya gharama hizo. Sharti ni kwamba mzazi anafanya kazi au anatafuta kazi, na kama mnajaza pamoja, hali kadhalika mwenzako, au awe mwanafunzi wa muda wote. Omba namba ya kodi ya kambi na risiti kabla msimu haujaisha. Februari inayofuata, wakati wa kujaza, ofisi za baadhi ya kambi hazipokei hata simu.

Maswali ya kumuuliza mkurugenzi

Piga simu, au bora nenda siku ya wazi. Mkurugenzi mzuri hujibu maswali haya bila kigugumizi kwa kuwa ameshaulizwa mara elfu. Anayekujibu "usijali, tuko salama" hajakujibu.

Uliza nani anawakagua. Nchi nzima haina sheria moja ya kambi. Jimbo la New York hudai kibali cha idara ya afya. Massachusetts leseni hutolewa na bodi ya afya ya mji. Kwingine sheria imelegea. Kuna pia American Camp Association, chama kilichoanza 1910, ambacho hutoa ithibati kwa kambi zinazojitolea kukaguliwa. Kukosa ithibati hakumaanishi kambi ni mbaya, hasa za jiji na za kanisa, ila kuwa nayo kunakupunguzia maswali.

Uliza idadi. Kiwango cha chama hicho kwa kambi za kutwa ni mtu mzima mmoja kwa watoto sita wa miaka mitano kushuka chini, na mmoja kwa wanane wa miaka sita hadi minane. Kisha uliza la pili, ambalo wazazi husahau: na mkiwa kwenye basi? Na mkiwa bwawani?

Uliza kuhusu makaunsela, yaani wale wanaokaa na watoto kutwa. Wengi ni vijana wa chuo, wengine wa sekondari. Usishtuke. Kijana wa miaka kumi na tisa anayependa watoto atakimbia nao kutwa nzima kwenye jua ambalo wewe na mimi lingetulaza. Unachotaka kujua ni nani mkubwa wao, wamefunzwa siku ngapi, kama rekodi zao za uhalifu zimekaguliwa, na wangapi kati yao walikuwepo mwaka jana. Swali hilo la mwisho nalipenda kuliko yote: vijana hawarudi mahali wanapoendeshwa vibaya.

Na uliza kuhusu choo, bila aibu. Nani anampeleka mtoto, anasimama wapi, na nani anamsaidia akijichafua. Kambi makini ina kanuni kwamba mtu mzima mmoja habaki na mtoto mmoja mahali wasipoonekana. Kambi nyingi pia hudai mtoto awe ameshaacha nepi kabisa. Usidanganye hapo, utapigiwa simu siku ya kwanza uje kumchukua.

Maji

Hapa tukae kidogo. Kwa takwimu za CDC, kituo cha serikali cha kudhibiti magonjwa, kuzama majini ndiko kunakoongoza kuua watoto wa mwaka mmoja hadi minne Marekani, na kwa wa miaka mitano hadi 14 ni sababu ya pili kati ya vifo vya ajali, baada ya magari. Sisi nasi, hata tuliokulia kando ya ziwa au bahari, wengi hatujui kuogelea, kwa hiyo hatujui tuulize nini. Mtoto anarudi anasema "nimeogelea" na tunafurahi tu.

Uliza kama kuna waokoaji waliohitimu ambao kazi yao ni kuangalia maji peke yake. Kaunsela aliyemo majini akicheza na watoto hahesabiwi. Uliza kama kila mtoto hupimwa siku ya kwanza kabla ya kuachiwa. Massachusetts ina sheria ya mwaka 2012, Christian's Law, inayolazimisha kambi kupima uwezo wa mtoto na kuwa na majaketi ya kuokolea maisha. Kwingine inategemea jimbo na kambi. Matokeo ya kipimo huonekana mkononi: bendi ya rangi moja kwa wanaobaki maji ya kina kifupi, nyingine kwa wanaoruhusiwa kina kirefu. Waulize pia kama watoto huingia wawili wawili. Inavyofanyika ni hivi: filimbi inapulizwa, kila mtoto anamshika mwenzake mkono na kuuinua juu, mwokoaji anahesabu jozi kwa sauti, na hakuna anayeendelea kuogelea hadi hesabu itimie. Ukitembelea kambi wakati wa bwawa, simama uitazame hesabu hiyo. Itakufundisha zaidi ya kijitabu chao chote.

Kwenye fomu andika kweli. Kama hajui kuogelea, andika hajui. Yale maputo ya mikononi ni ya kuchezea, hayamwokoi mtu. Na ukiweza, mwingize kwenye masomo ya kuogelea kuanzia Machi, hata ajifunze kuelea chali na kurudi ukingoni tu.

Kuna suala la nywele, ambalo vijitabu vya kambi havilijui kabisa. Kuogelea kila siku kwenye klorini na nywele zilizoachwa wazi ni kujitafutia kazi usiku. Msuke mwishoni mwa wiki kabla ya kambi, mistari ya kulala kichwani, bila shanga, maana shanga hupotea na huumiza chini ya kofia ya kuogelea. Jioni suuza kwa maji safi, paka mafuta. Binti anayevaa nguo za stara anaweza kuogelea na vazi refu la kuogelea. Mjulishe mkurugenzi mapema, na uliza watoto hubadilishia wapi.

Aprili na Mei: karatasi

Kambi nyingi hudai fomu ya afya iliyosainiwa na daktari, uchunguzi ukiwa wa karibuni, pamoja na rekodi ya chanjo. Miadi ya watoto hujaa Mei, kwa hiyo piga simu Aprili. Kama mtoto alichanjwa kwenye kambi ya wakimbizi, iwe Kakuma, Nyarugusu au Nakivale, peleka kadi ile ya karatasi kliniki waiingize kwenye mfumo wa jimbo. Ofisi ya kambi ya majira ya joto haitaweza kuisoma ikiwa na mwandiko wa nesi na mihuri iliyofifia.

Dawa hazikai begini mwa mtoto, hata ile ya maumivu uliyozoea kuiita Panadol. Inhela ya pumu, sindano ya mzio, dawa yoyote, hukabidhiwa mtu mzima mkononi ikiwa kwenye pakiti yake ya asili yenye jina la mtoto, na mara nyingi pamoja na fomu ya daktari.

Orodha ya wanaoruhusiwa kumchukua mtoto ndiyo inayotusumbua sisi zaidi. Mlangoni wanadai kitambulisho, na jina lazima lifanane. Wewe umeandika "Uncle Bab'Asha", yeye leseni yake ya udereva ina majina matatu usiyowahi kuyasikia. Watamrudisha, hata kama mtoto anamkimbilia na kumkumbatia, na wako sahihi. Piga picha kitambulisho cha kila mmoja, nakili herufi kwa herufi, na andika angalau wawili mbali na wazazi.

Ruhusa ya picha unaweza kuikataa. Weka alama ya hapana na kwa kawaida mtoto atapokelewa vilevile. Namba ya Social Security ya mtoto ukiona inaulizwa, acha wazi uulize ni ya nini.

Kama mtoto ana ulemavu au anahitaji msaada wa pekee, sheria ya haki za watu wenye ulemavu ya mwaka 1990, ADA, inaitaka kambi ifanye marekebisho yanayowezekana kabla ya kumkataa, isipokuwa zinazoendeshwa na taasisi za dini, ambazo hazibanwi na sehemu hiyo ya sheria. Ule mpango wa elimu maalumu wa shuleni, IEP, haumfuati kambini wenyewe. Keti na mkurugenzi, mweleze nini humtuliza mtoto na nini humvuruga.

Wiki chache kabla: mafunzo ya nyumbani

Mpe chakula chake cha mchana ndani ya boksi lilelile atakalobeba, kaa mbali, mtazame. Je, anafungua kifuniko? Anafungua zipu, chupa ya maji, pakiti ya biskuti? Wapo watoto wanaorudi na chakula kizima kwa sababu hawakuweza kufungua na waliona aibu kuomba. Fanya hivyohivyo na nguo za kuogelea, tena zikiwa zimelowa, zimegandamana mwilini. Awe anajifuta mwenyewe chooni. Viatu viwe vya kubandika kama hajajua kufunga kamba.

Ajue jina lake lote na lako, maana mtoto wa miaka minne akiulizwa mama yake anaitwa nani hujibu "Mama". Kama nyumbani mnaongea Kiswahili tu, endeleeni, ila mpe sentensi chache za Kiingereza za kuombea choo, maji, msaada, kusema anaumwa, na kumwambia mtu aache. Mfanye azitamke kwa sauti kubwa, kambini kuna kelele.

Hilo la kumwambia mtu aache ni gumu kwetu. Tumewalea kumheshimu kila mkubwa, kutojibu, kuitikia abee na naam. Malezi hayo yana uzuri wake, lakini mtoto anayekwenda kukaa na wageni lazima ajue kwamba mkubwa akimgusa asipotaka, au akimwambia afiche siri kwa mama, heshima haipo hapo, na kwamba akikuambia hatapigwa. Mwambie mara nyingi, kwa maneno mepesi, na viungo vya mwili uvitaje kwa majina yake.

Usingizi nao uanze kurekebishwa. Minneapolis au Seattle mwezi Juni jua huzama karibu saa tatu usiku, na mtoto hakubali kwamba ni usiku wakati anaona mwanga. Nunua pazia zito.

Begi

Andika jina kwenye kila kitu, hata soksi. Weka chupa ya maji, kofia, taulo, nguo za kubadilisha, mfuko wa plastiki wa nguo mbichi. Viatu vya kufunika vidole. Ndala ni za bwawani tu. Siku ya kuogelea avae nguo za kuogelea chini ya kaptura tangu nyumbani. Vitu vya kuchezea, pesa na vito vya dhahabu vibaki kabatini.

Mafuta ya kukinga jua yanamhusu pia mtoto mweusi; ngozi yetu huungua, ila wekundu hauonekani upesi. Chagua yenye kiwango cha kinga cha SPF 30, mpake asubuhi kabla hajatoka. Hurudiwa kila saa mbili na baada ya maji, na kambi nyingi hazimpaki mtoto bila ruhusa yako ya maandishi, kwa sababu hapa mafuta hayo huhesabiwa kuwa dawa.

Chakula: hakuna friji wala maikrowevu, kwa hiyo weka pakiti ya barafu. Chapati iliyokunjwa na yai hufaa sana, pia maharage yaliyopikwa yasiyo na mchuzi, ndizi, matikiti. Karanga usiweke kabla ya kuuliza. Kambi nyingi zimezipiga marufuku, na hiyo inajumuisha kashata na mchuzi wa karanga. Kwa familia za Kiislamu, taja nguruwe waziwazi kwenye fomu: piza ya Ijumaa ina pepperoni, soseji za kuchoma haziaminiki, na marshmallow, ile peremende laini ya kuchoma, hutengenezwa kwa gelatini ambayo mara nyingi ni ya nguruwe. Tuma mbadala siku hiyo ili asikae akiwatazama wenzake.

Kama chakula ni mzigo, kuna mpango wa serikali ya shirikisho wa milo ya bure ya majira ya joto, SUN Meals, kwa mtoto yeyote wa miaka 18 kushuka chini. Baadhi ya kambi za jiji ni vituo vyake, na kwenye vituo vya wazi mtoto anakula bila kuulizwa karatasi.

Asubuhi ya kwanza na jioni yake

Fika mapema kidogo. Mkabidhi kwa mtu mwenye jina: "Huyu ni Daniel, atakuwa nawe mpaka nije." Muage, mbusu, ondoka. Usitoroke akiwa ameangalia kando. Kesho hatakuachia nguo. Usimwambie "narudi sasa hivi" wakati unarudi jioni. Mwambie kwa ratiba anayoielewa: mtacheza, mtakula, mtaogelea, mtakula tena, kisha mimi. Na wale polisi tunaowatumia kuwatisha watoto wanaolia, waache wapumzike siku hiyo.

Akilia, mwachie kaunsela. Wengi hunyamaza mzazi akishapotea machoni, na unaweza kuomba ujumbe mfupi baada ya nusu saa. Usishangae siku ya pili au ya tatu ikiwa ngumu kuliko ya kwanza, maana sasa anajua kwamba unaondoka kweli. Jioni uwe na kitambulisho, na usichelewe: faini huhesabiwa kwa dakika.

Nyumbani atakuwa amechoka, ana njaa na hasira. Si wakati wa mahojiano. Mlishe, muogeshe, na kama mnaishi kaskazini mashariki au majimbo ya kaskazini katikati mwa nchi, mkague kupe: kwapani, nyuma ya masikio na magoti, kiunoni, ndani ya nywele. Kupe wa huko hueneza ugonjwa wa Lyme, lakini kwa kawaida huhitaji kukaa zaidi ya saa 24 mwilini kabla ya kuambukiza. Mshike kwa kibano karibu na ngozi, mvute taratibu moja kwa moja. Usimpake mafuta ya taa wala Vaseline.

Ukitaka habari, uliza kitu kidogo: ulikaa na nani kula? Nani aliadhibiwa leo? Hilo la pili hufungua mdomo wa mtoto yeyote.

Mpe wiki nzima kabla ya kuamua. Lakini akianza kukojoa kitandani wakati alishaacha, akamwogopa mtu mmoja kwa jina, au akarudi na jeraha ambalo hakuna aliyekupigia simu kukueleza, usisubiri. Mpigie mkurugenzi siku hiyohiyo, kisha andika barua pepe ya yale mliyozungumza ili yawe na tarehe. Kama jambo linahusu kuguswa au kupigwa, ripoti kwa mamlaka ya ulinzi wa watoto ya jimbo. Kambi haina haki ya kukuomba mlimalize kimyakimya.

Mambo yakienda vizuri, wiki ya mwisho pitia sanduku la vitu vilivyopotea, taulo lako limo. Na uliza ofisini kama familia za mwaka huu hufunguliwa usajili kabla ya wengine, na ni tarehe gani.